Tulifundishwa Kutokataa

Askari wawili walipopanda jukwaani pale Bwera, watu walicheka. Hicho kicheko sijaweza kukitoa masikioni. Walicheka kwa sababu walidhani askari hao ni wa mchezo, na shemeji yangu naye akawafanya wawe wa mchezo. Aliwageukia, akanyoosha mikono yote miwili mbele, akasema kwa ile sauti yake ya mnunuzi wa kahawa, "Karibuni, wazee. Munifunge, lakini munifunge mbele. Mukifunga nyuma, mgongo ukiniwasha nitajikuna na nini?"

Uwanja mzima ukaangua kicheko. Akina mama wa sokoni waliokuwa wameketi kwenye nyasi na vikapu vyao wakapigana mabega. Askari mmoja naye akacheka, kweli, nilimwona meno. Kisha akamfunga nyuma.

Mimi nilikuwa nimesimama pembeni yao, gunia tupu kichwani, maana katika mchezo wetu mimi ndiye nilikuwa mkulima aliyeleta kahawa. Nilingoja. Tulikuwa tumefundishwa kwamba mwenzako akiwa na neno mdomoni usimkanyage, ngoja amalize uingie. Basi nikangoja. Alishuka zile ngazi za mbao katikati ya wale wawili, akinyanyua magoti juu kama mtu anayevuka tope, na watu wakampigia makofi. Akainamisha kichwa kuwashukuru. Wakampandisha kwenye landrova. Ilipowashwa ndipo niliona shingo yake. Shingo haikuwa inaigiza tena. Ilikuwa imekakamaa, inageuka huku na huku, na nilijua ananitafuta mimi. Landrova ikashika barabara ya Mpondwe, kuelekea mpakani, makofi bado yanalia.

Mpaka leo sijui alipelekwa wapi. Dada yangu, mke wake, hajui. Ninaandika kwa sababu wako watu wawili wanaojua, na wote wawili wanakula na kulala.

Nirudi nyuma, maana msomaji wa mbali atauliza mtu wa mgodini alitafuta nini jukwaani.

Baba yetu alitoka upande wa Kenya kufuata kazi ya shaba, akatuleta mimi na dada yangu tukiwa wadogo. Tulikulia kambini, juu ya mji wa Kasese, magharibi mwa Uganda, kwenye bonde la Nyamwamba, katika nyumba za mstari ambazo jirani akikohoa unampa pole bila kuinuka kitandani. Shule niliiacha darasa la tatu. Nikapata kazi kantini, kuosha masufuria na kugawa posho, yaani ugali, na maharagwe. Dada akaolewa na kijana wa kwetu vilevile, msukuma vitoroli chini ya mlima. Alikuwa mrefu kupita kazi yake. Kila jioni alitoka shimoni na alama mpya kwenye paji la uso, na kila alama aliipa hadithi. Hii, alisema, nimepigwa na msimamizi Mzungu kwa wivu wa urefu. Hii nimebusiwa na mlima.

Miaka ya sitini ilipokaribia kuisha, Kampuni ya mgodi ilileta mtu wa ustawi. Kazi yake ilikuwa kutupatia jambo la kufanya Jumamosi alasiri tusikae kwenye pombe ya waragi. Kabla yake tulikuwa na mpira na kwaya. Yeye alikuwa kijana msafi, alikuwa ameenda kozi ng'ambo, na alirudi na kitu ambacho hatukuwahi kukisikia: vichekesho visivyoandikwa. Hakuna maneno ya kukariri. Watu wawili wanasimama mbele, mmoja wa watazamaji anatupa jambo, kama vile harusi ya mlevi, au fundi cherehani kipofu, na hao wawili wanalifanya papo hapo. Tulimwita Mwalimu. Jina lake sitaliandika hapa, lakini kila mtu wa kambi anamjua, na yeye mwenyewe akisoma atajijua.

"Hapa hakuna karatasi," alituambia siku ya kwanza. Hilo ndilo lilituvuta sisi ambao karatasi ilitushinda.

Somo la kwanza lilikuwa kupeana kitu ambacho hakipo. Shemeji alinijia akiwa amebeba hewa, amejikunja, anatoka jasho la uongo. "Shika, shemeji."

"Nishike nini? Sioni kitu."

Mwalimu akasimamisha. "Umefanya nini?"

"Nimesema kweli, Mwalimu."

Ukumbi ukacheka, lakini yeye hakucheka. Alisema, "Mwenzako amekupa kitu. Ukimwambia hakipo, umemwacha uchi mbele za watu. Hapa hatukatai. Tunapokea, halafu tunaongeza. Rudieni."

Shemeji akarudi na mzigo wake. Safari hii niliupokea, nikayumba. "Uzito gani huu? Umeniletea nini?"

"Mama mkwe wangu," akasema. "Amechoka kutembea."

Mama mkwe wake ni mama yangu mimi. Nikamweka chini polepole, nikamfuta vumbi, nikamwambia, "Mama, shikamoo. Huyu amekupitisha wapi mpaka umepungua hivi?" Watu wakaanguka kwenye mabenchi. Tangu siku hiyo, kambi nzima ikijua kuna mchezo inauliza kama sisi wawili tupo.

Masomo yalikuwa mengi. Umwangalie mwenzako machoni, usiwaangalie watu. Ukianguka, anguka kabisa, usianguke nusu. Jambo ni la watazamaji, wewe huchagui. Lakini lile la kutokataa ndilo lilikuwa mama wa yote. Mwalimu alisimama upande wa jukwaa, nasi tukikwama tulimwangalia. Alifungua kiganja tu, akakigeuza juu kama mtu anayepokea maji ya kunawa. Maana yake: pokea. Na ukipokea kweli, neno la pili lilikuja lenyewe. Mara ngapi kiganja kile kilituvusha, siwezi kuhesabu.

Nyumbani dada yangu alichoka nasi. "Kwa Mwalimu hamkatai kitu," alisema, "kwangu hata kuni mnakataa."

"Sijakataa, mama watoto," shemeji akajibu. "Nimepokea. Sasa naongeza: kesho."

Siku hizi nikifikiria yale masomo, naona jambo ambalo wakati ule sikuliona. Sisi tulikuwa watu wa kusema ndiyo tangu utotoni. Ndiyo bwana, ndiyo nyapara, ndiyo padre. Mwalimu hakutufundisha kusema ndiyo. Alitufundisha kuipenda.

Halafu jeshi likachukua nchi. Kasese ilijaa sare, na wake na watoto wa askari kutoka kila upande wa Uganda, na Kiswahili chetu cha kambini kikawa kidogo mbele ya Kiswahili chao. "Wewe, kuja hapa. Simama. Iko nini kwa mufuko?" Kila mtu akawa afande, hata askari wa magereza aliyekuja kununua sukari na hakuipata. Mwalimu naye akabadilika kama watu wengi. Akanunua suruali ya kaki. Akaanza kutupeleka nje ya kambi, kwenye makao ya gombolola, zile tarafa za vijijini, kuwachangamsha wananchi, akisema wakubwa wamependa.

Tukafika Kyondo. Kule ni milima na kahawa, na watu walikuja na mikono ingali na harufu ya maganda yake. Mwalimu akawauliza wanataka kuona jambo gani. Mama mmoja mnene akasimama, akasema, "Tuonyesheni kahawa yetu inapita wapi ikifika chini."

Kila mtu pale alijua inapita wapi. Mkulima akikutwa na beseni moja la kahawa njiani kuelekea mpakani, alipigwa mpaka akasahau jina la mkewe. Lakini malori ya afande mkubwa wa kituo cha mpakani yalivuka kwenda Kongo yakiwa yamejaa, na askari wake ndio waliyafungulia njia. Huyo afande alikuwa na tabia moja. Alikuwa na kitambaa cheupe, amekikunja vizuri, anajifuta nyuma ya shingo, halafu anakinusa kabla ya kukirudisha mfukoni. Kila mtu kutoka Bwera mpaka Kasese alikuwa amemwona akifanya hivyo.

Shemeji hakutaja mtu. Alikuwa mnunuzi, mimi mkulima. Nikampa gunia langu, akalipima kwa macho, akasema ni jepesi. Nikasema, "Ni jepesi kwa sababu bado hujalishika, mzee." Akatoa kitambaa ambacho hakipo. Akajifuta nyuma ya shingo. Akakinusa.

Kwanza hakuna aliyecheka. Kisha yule mama mnene akaanza, chini kabisa, kama sufuria inayotaka kuchemka, na mlima wote ukamfuata. Niliona wanaume wazima wanashikilia miti. Nilifurahi. Sidhani nimewahi kufurahi namna ile tena.

Ndani ya lori tukirudi, Mwalimu alimuuliza shemeji, "Nani alikuambia uweke kitambaa?"

"Mwalimu, yule mama alitoa jambo. Nikapokea, nikaongeza."

Mwalimu akageuka kutazama barabara. "Sawa," akasema. "Ulifanya vizuri."

Ulifanya vizuri. Hayo ndiyo aliyosema, na mimi nilikuwa hapo, goti langu limegusa lake.

Haukupita muda akatuambia tumeitwa Bwera. Afande wa mpakani anafanya karamu ya askari na wananchi na ametaka sisi. Shemeji alijikuna kichwa. "Mwalimu, mimi naona tupeleke wengine. Vijana wa kwaya wanaweza."

"Ametaka nyinyi."

"Na wakitoa jambo la kahawa?"

"Jambo ni la watazamaji. Nimekufundisha nini miaka yote?" Halafu akacheka, akampiga begani. "Unaogopa nini? Yule mtu anapenda kucheka kuliko wewe."

Tungekataa tungefanyaje? Mtu aliyekataa mwito wa afande siku zile alikuwa ametoa jibu kwa swali ambalo bado hajaulizwa. Tukaenda.

Bwera walikuwa wamechinja mbuzi. Kwa kuwa mimi ni mtu wa kantini, nikaitwa kupeleka sahani kwenye veranda alipokaa afande na wageni wake. Mwalimu alikuwa ameketi karibu naye, bia mkononi. Nilikuwa naweka bundu mezani, ule ugali wa muhogo wa huko, nikasikia afande akimuuliza, "Ule murefu ndiye alifanya mimi kule Kyondo?"

Mwalimu akasema, "Ndiyo, afande."

"Na akiambiwa afanye tena mbele yangu, atafanya?"

"Atafanya. Akipewa jambo hakatai. Ndivyo nilivyomfundisha."

Wote wawili wakacheka, na afande akaniambia niongeze pilipili. Nikaongeza.

Nikaenda nyuma ya jukwaa, nikamwambia shemeji yote, neno kwa neno. Alikuwa ananawa uso kwa maji ya jerikani. Akauliza, "Wamesema kwa uzuri au kwa ubaya?"

"Walikuwa wanacheka."

Akajifuta uso kwa shati. "Mtu anayetaka kukuumiza haombi umchekeshe kwanza," akasema. "Nitafanya mnunuzi mlevi tu. Bila kitambaa. Ataona nimemheshimu."

Hiyo ndiyo ilikuwa akili yetu wote wawili, na sikuwa na nyingine ya kumpa. Njia ya kutokea ilikuwa moja, na ilipita mbele ya veranda.

Tulipopanda, Mwalimu aliuliza watu wanataka jambo gani. Hakuna mwananchi aliyefungua mdomo. Afande akasimama mwenyewe. "Munuzi wa kahawa," akasema. "Kama mulifanya Kyondo. Usipunguze kitu." Akatoa kitambaa chake mfukoni, kile cheupe, akakitupa jukwaani. Kikaanguka karibu na viatu vya shemeji.

Shemeji hakukiangalia. Alimwangalia Mwalimu.

Nami nilimwangalia. Mwalimu alikuwa amesimama upande ule anaosimama siku zote. Angeweza kutikisa kichwa. Angeweza kukohoa, angeweza kuangalia chini, shemeji angeelewa, angejitupa chini akajifanya mgonjwa wa kifafa, alikuwa analijua hilo vizuri na lilikuwa linachekesha sana. Mwalimu alifungua kiganja, akakigeuza juu.

Shemeji akainama, akaokota kitambaa. Akajifuta nyuma ya shingo, polepole. Akakinusa. Afande ndiye alicheka wa kwanza, kwa hiyo watu wote wakapata ruhusa. Kisha afande akainua kidole kimoja, na wale askari wawili wakaanza kupanda ngazi. Yaliyofuata nimekwisha kuyasema.

Kulipokucha tulikwenda kituoni mpakani, mimi na dada yangu, mtoto wa mwisho mgongoni mwake. Askari wa getini alikuwa kijana wa kutoka mbali, anakula muwa.

"Tunamtafuta mume wangu, afande," dada akasema. "Aliletwa hapa jana."

"Hapa hakuna mutu."

"Alichukuliwa mbele ya watu wote."

"Ule? Ule si ilikuwa mchezo?" Akanitazama, akanijua. "Wewe si wa gunia? Chekesha. Ukichekesha vizuri ntaenda kuuliza ndani."

Dada yangu akanishika mkono niondoke. Lakini kama kulikuwa na nafasi kubwa kama tundu la sindano ya kumpata, ningeiachaje? Niliigiza. Nikabeba gunia ambalo halipo, nikayumba, nikaanguka kabisa, si nusu. Askari wengine wakaja getini wakacheka. Mmoja akanitupia ganda la muwa, nikalipokea, nikasema ni barua kutoka kwa mchumba. Wakacheka zaidi. Dada alikuwa amegeuza uso kwenye ukuta. Nilipoishiwa pumzi, yule kijana akafuta mdomo, akasema, "Muzuri. Kuja kesho."

Tulienda kesho. Tulienda na siku nyingine nyingi, na hakuna aliyeingia ndani kuuliza. Mwishowe walituambia tukija tena tutaingia sisi.

Nikamfuata Mwalimu ofisini kwake. Hakunipa kiti. "Mimi nilikuwa upande," akasema. "Kutoka upande huwezi kuona vizuri."

"Mwalimu, ulikaa naye mezani. Muulize tu yuko wapi. Hata kama amekufa, muulize."

"Unataka na mimi niende?"

"Nataka uulize."

"Ndugu yangu, rudi kazini," akasema, akafungua mlango.

Kampuni ikaandika kwamba shemeji ametoroka kazi. Mtu aliyetoroka hana nyumba ya kambi, kwa hiyo dada na watoto wakatolewa, vitu vikawekwa nje kwenye mvua, na aliyesimamia kuvitoa ni mtu wa ustawi. Ndiyo, ni yeye huyo huyo. Alishika upande mmoja wa kitanda ili kisigonge mlango.

Dada akahamia Bwera. Nilimkatalia, nikamwambia mji ule una nini cha kumpa. Akasema, "Huko ndiko alipoonekana mwisho." Sasa anauza samaki wa ziwani sokoni, karibu na mto wa mpaka, na lori lolote la kijeshi likipita anasimama. Kwetu mwanamke akifiwa na mume ananyolewa baada ya maziko, ndipo anahesabiwa mjane, ndipo watu wanakuja kulia naye, ndipo anaweza hata kuolewa au kukataa kuolewa. Yeye hajanyolewa. Mama yangu alipojaribu kumshika kichwa, alimsukuma. "Mmemzika wapi?" akamuuliza. "Nionyesheni, nitakaa chini mninyoe." Katekista naye alisema hawezi kusoma sala ya marehemu kwa mtu ambaye hakuna aliyesema amekufa. Basi nywele za dada yangu zimekaa hivyo miaka yote hii, anazifunga kitambaa, na watoto wakiulizwa shuleni baba yuko wapi wanasema yuko safarini.

Mwaka huu serikali ya jeshi imeanguka, askari wamekimbia. Nilidhani sasa milango itafunguka, nikaenda tena pale kituoni. Hakukuwa na geti. Hakukuwa na mtu. Vyumba vilikuwa vitupu, mbuzi wameingia, na nilitembea kila chumba nikigusa kuta kama mjinga, bila kujua nagusa nini. Mwanamke mmoja aliyekuwa anaokota mabati akaniuliza, "Munatafuta nini, baba?"

Afande yuko ng'ambo ya mto, upande wa Kongo. Wachukuzi wanaovuka wanasema ana duka, amenenepa, anauza vitenge. Hakuna wa kumvusha kurudi huku, na mimi sina nguvu hiyo.

Lakini Mwalimu yuko hapa hapa Kasese. Ameketi kwenye kamati mpya. Nilimkuta nje ya kanisa, akiwa anaongea na vijana juu ya kuanzisha tena michezo, akanisalimia kwa mikono miwili.

"Mzee wangu. Bado unachekesha?"

Nikamwambia, "Alipelekwa wapi?"

Uso wake haukubadilika. "Mambo ya wakati ule tumwachie Mungu," akasema. "Tulikuwa wote chini ya bunduki."

Si kweli, Mwalimu. Wewe ulikuwa verandani, na bia. Uliulizwa swali, ukajibu. Baada ya hapo ulibaki na rafiki yako mpaka jioni, ukarudi kwa gari lake, dereva mwenyewe aliniambia mlivyokuwa mnazungumza njia nzima. Mtu hazungumzi njia nzima na afande siku hiyo asisikie kitu kuhusu aliyefungwa siku hiyo.

Basi sikuombi unipe pole, wala sikuombi useme mbele ya kamati yako. Panda gari la asubuhi kwenda Bwera. Uliza mtu yeyote sokoni anakouza yule mama wa samaki asiyenyolewa, watakuonyesha. Simama mbele yake, mwambie afande alikuambia nini ndani ya gari, mume wake alipelekwa upande gani, na kama kuna shimo, liko wapi. Ukiona mguu unakuwa mzito, mimi nitakuja kukuchukua mlangoni kwako, mchana, majirani wakiona.

Yuko wapi, Mwalimu? Unayajua maneno yote mazuri. Jibu hilo moja.